Tembe za Samaki Kando ya Chai

Grâce, uko? Sikia hii 😭

Leo kiwandani Biharwe tulipata mugeni: mama Gorret, bibi ya afande mmoja wa kambini. Ana mabwawa ya samaki kule Masha, alikuja kuona chakula ya samaki tunatengeneza.

Unamujua bosi Jonan, kwake zile tembe za chakula ni sura tu. Asubuhi yote nilitupa zenye nyufa, nikapanga zenye kufanana mu sahani nyeupe. Na yeye: "Eliane, zing'ae!"

Sasa mimi nikaweka ile sahani kando ya termosi ya chai.

Mama akachukua moja AKATAFUNA. Grâce, alitafuna! Akachukua ingine!

Jonan akaogopa kumuaibisha. Akatia tatu mu kinywa, anachekacheka.

Mama akasema: "Biskuti yenu iko tamu. Sasa onyesha mimi chakula ya samaki."

Jonan kinywa kimejaa. Ikabidi niseme mimi: "Mama, njo hiyo uko nayo mu kinywa."



Mama akameza polepole. "Basi samaki yangu watafurahi." Akaagiza chakula gari muzima!

Jonan hakunifukuza. Afazali angenifukuza! Eti kuangalia sura haitoshi tena, kuanzia kesho nitaonja kila gunia.