Nati ya Tano

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Kabla sijaanza kulalamika, niambie kwanza, hujambo? Kile kikohozi ulichomtajia Mama kwenye simu kimekwisha, au bado unajitia ujasiri? Huku hatujambo. Mama mzima, mkono humuuma asubuhi za baridi tu. Baba mzima kupita kiasi, sauti yake ingali inafika kwa majirani. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu ni gari.

Ndiyo, lile lile. Gari la spoti la Baba, jekundu, milango miwili. Najua hutaki hata kulisikia likitajwa. Soma mpaka mwisho, tafadhali, usiichane barua.

Limekaa chini ya turubai tangu siku gurudumu la nyuma lilipochomoka njiani na Mama akavunjika mkono. Baba alikuambia mbele yetu sote kwamba ulifunga nati kizembe, nawe ukafunga begi. Miaka sita hujakanyaga hapa. Sasa mwezi uliopita mzee akaamka na wazo: anataka kuliendesha tena kabla macho hayajamwisha. Fundi wa gereji hana nafasi ya kuja nyumbani, na Baba hataki gari lake livutwe kwa kamba watu wakiangalia. Basi nani tena? Mimi, mwalimu wa hesabu, mwenye likizo ya wiki mbili.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Zile boliti tano zinazochomoza ili nati zifungwe, zote zilikatika siku ile, nasi tukadhani gurudumu lililolegea ndilo lililozikata. Unagonga vipande vilivyobaki vitoke kwa nyuma, halafu unavuta boliti mpya ziingie. Thubutu! Siku ya kwanza nzima nilishindana na drami ya breki iliyogandana kwa kutu. Nimegonga mpaka jirani akachungulia kuuliza kama tunajenga. Siku ya pili vipande vikatoka, lakini boliti mpya zikakataa kuingia, kwa sababu nyuma ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ni pembamba na kuna sehemu moja tu, moja, ambapo boliti inaweza kupita. Niliizungusha ile habu asubuhi nzima nikipapasa, vidole vikachubuka, nikasema maneno ambayo mwalimu hasemi.

Na muuza vipuri naye! Aliniapia kwamba boliti ni zenyewe. Nikafika nyumbani, fupi. Nikazirudisha, akaniuliza kama nina hakika na gari langu. Nilimjibu vibaya mpaka akatoa zenyewe, wala sijutii.

Muda wote huo Baba kakaa kwenye kigoda anatoa amri. Geuza. Tia grisi. Siyo hivyo. Nyundo unaishika kama mwiko. Maji yalinifika shingoni, Kijiti, nilikaribia kumkabidhi hiyo nyundo nikalale.

Sasa sikiliza. Alhamisi nilichukua lile gurudumu lililochomoka nilifute vumbi. Kifuniko chake cha katikati, kile kinachong'aa, hakuna aliyewahi kukifungua tangu siku ile. Nilipoliinua, ndani kukasikika mlio kama wa kopo lenye mawe. Nikakibandua kwa bisibisi, zikaanguka nati tano.

Nati iliyolegea hutoka tupu. Hizi kila moja ilikuwa imebana kipande cha boliti ndani yake. Hazikufunguka, mdogo wangu. Boliti ndizo zilizokatika kwanza. Nikaweka kipande kimoja kando ya boliti mpya, nikaona shingo imekuwa nyembamba, imevutika kwa kukazwa kupita uwezo wake.

Alikaza nani? Humu ndani nati haifungwi mara moja, unajua. Ukifunga wewe, Baba anakuja nyuma yako na bomba lake refu, analivalisha kwenye spana, anapanda kwa miguu miwili mpaka chuma kilie. Hata chupa ya jemu tukifunga sisi anaikaza upya, mpaka Mama anaifungua kwa koleo. Na siku ile alikuja pia. Aliyemshikia bomba lisiteleze ni mimi. Ulipolaumiwa nilinyamaza, kwa sababu nami niliamini ni wewe. Nisamehe sana. Hilo linaniuma kuliko hivi vidole.

Nikamwekea Baba nati moja kiganjani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaomba na zile nne. Alizitazama moja moja, akaingia ndani, na chakula cha mchana hakugusa. Mama akafunika sahani.

Jana tukarudisha gurudumu. Nilikuwa nimeazima gereji spana ya kipimo, ile inayolia "tik" nati ikitosha. Baba akaja na bomba lake kwapani. Nikasema moyoni, haya, leo tunagombana. Lakini akaliegemeza ukutani. Nikafunga ya kwanza, tik, mpaka ya nne. Nilipoinyooshea mkono ya tano, yeye akaiwahi.

"Hii mwachie mwenyewe," akasema. "Aje aifunge. Sitamfuata nyuma."

Akaitia mfuko wa shati, akaondoka.

Sasa mimi nifanyeje na watu kama nyinyi? Wiki mbili nimelala chali sakafuni. Gari limeoshwa, limetiwa mafuta, funguo ziko mezani, na haliruhusiwi kutoka kwa sababu ya nati moja iliyo mfukoni mwa mzee asiyejua kuomba radhi kama watu wengine. Nikamwambia aandike mwenyewe. Eti mwandiko wangu ni mzuri zaidi! Nimechoka na ukaidi wake, na wako pia, maana najua utaisoma barua hii ukiwa umenuna. Nuna, lakini panda basi.

Mama anakusalimu sana, chumba chako ameshakifagia bila kuniuliza. Shangazi naye anakusalimu na anataka kujua kama umenenepa. Baba hakutuma salamu. Ila leo asubuhi nilipochukua shati lake la jana nikalifue, mfuko ulikuwa mtupu. Nati ameshaihamishia kwenye shati safi.

Mungu akufikishe salama kwenye huu mlango.

Wako akupendaye, mwenye vidole vilivyochubuka,
Dada yako.