Baba Muchaneta, Uliyeitika Mwito wa Tatu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile Mama alipokuita mara tatu na hukuitika. Uji wako wa ulezi ulikuwa mezani, ukapoa hapohapo.

Wasiokujua tuwaeleze kidogo. Mwito wa kwanza ulikuwa huuitiki. Wa pili nao uliuacha upite, na kusikia ulikuwa unasikia vizuri sana, masikio yako hayakuwa na kasoro yoyote. "Anayenihitaji kweli atarudia," ulikuwa ukisema. Wa tatu ndio ulioitika, tena kwa sauti tamu kana kwamba ndiyo kwanza unasikia. Mama alinuna miaka na miaka kwa ajili hiyo. Mtani wako, Mzee Mukanya, alikuwa akifika mlangoni anapiga makofi ya salamu huku analalamika: "Wazazi wake walimjua mapema, wakamwita Muchaneta, yaani mtachoka. Haya, mimi nimeshachoka! Toka nje, kiziwi wa kujitakia!"

Ulikuwa fundi wa nira, na hakuna ng'ombe hapa kwetu Buhera aliyevaa nira yako akachubuka shingo. Kabla ya kumfunga ng'ombe ulikuwa ukiivaa kwanza wewe mwenyewe, unatembea nayo uani, wajukuu wanakuswaga kwa vijiti na wewe unajifanya mkaidi. Mvua za kwanza zikinyesha, jembe lako lilianzia mashamba ya wajane. Mama akiuliza la kwake litalimwa lini, ulimjibu, "Mwenye mume ana wa kumlalamikia. Wao watamlalamikia nani?"

Msimu huu uliopita mjane akawa yeye. Mzee Mukanya akaja na ng'ombe wake, akamlimia kabla ya kulima kwake, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Sisi tuliona ni wema tu. Hatukujua kwamba watu walikuwa wameshaanza kunong'ona.

Jumamosi iliyopita tulikurudisha nyumbani. Pombe ilikuwa imeiva, ukoo mzima umefika, na asubuhi tukaenda kaburini kuichukua roho yako. Kilichobaki ni yule ng'ombe dume wako mwekundu apewe jina lako. Mambo yenyewe unayajua: anamwagiwa pombe mgongoni, unaitwa, na akijitikisa umekubali kuingia. Asipojitikisa, kuna jambo limekuudhi, na kazi inayofuata ni kumtafuta mwenye kosa.

Kaka yako, Baba Mkubwa Zvidzai, akapiga goti, akapiga makofi, akamimina. "Mhofu," akakuita kwa jina la ukoo, "ingia nyumbani kwako."

Dume akatazama mbele, anacheua.

Kibuyu kikajazwa tena. "Mhofu, sisi wako tuko hapa. Ingia." Pombe ikatiririka ubavuni, ikadondoka mavumbini, na dume hata mkia hakuusogeza.

Hapo Shangazi Chihera akasimama. Dada yako unamjua, na wanawake wa ukoo wetu hawajawahi kusifiwa kwa upole.

"Amekataa!" akasema. "Na sababu yenyewe imekaa pale." Kidole kikamwelekea Mama, aliyekuwa mkekani na zile nguo nyeusi alizozivaa mwaka mzima. "MaMoyo, shamba lako lililimwa na nani?"

"Na Mzee Mukanya."

"Kabla ya la mke wake mwenyewe! Na jioni alikula wapi?"

"Kwangu. Mtu amelima kutwa, wifi, nimwache aondoke na njaa?"

"Mnasikia jeuri hiyo? Mnaisikia? Kaka yangu hawezi kuingia nyumba iliyochafuliwa. Akusanye vyombo vyake arudi kwao, leo hii!"

Mzee Mukanya akaruka. "We Chihera! Mimi na umri huu? Magoti yangu yanagoma hata kuinama nifunge viatu, wewe unanitafutia kazi nyingine?"

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Hakucheka mtu. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa, wanaongea kwa sauti ya chini, na tulijua wanazungumzia nini. Maidei, kifungua mimba wako, akainuka kumtetea mama yake, akaambiwa aketi. Mdogo wake, Pedzisai, akamgeukia Baba Mkubwa. "Mwageni tena, Baba Mkubwa. Mara moja tu."

Baba Mkubwa akauinamisha mtungi, akachungulia. "Yamebaki machicha. Na mzee habembelezwi kama mtoto mchanga. Amekataa, amekataa."

Tuliogopa, Baba. Tuliiona nyumba uliyoijenga kwa mikono yako ikifungwa, na Mama anashuka njia ile ya mtoni na sufuria kichwani, uzee wote ule, kwenda kuishi kwa watoto wa kaka zake wasiomjua.

Mama alituambia baadaye kwamba wakati ule alikuwa hamsikii wifi yake tena. Alikuwa anamtazama yule dume alivyosimama, kaangalia mbele, taya zinakwenda taratibu kama hakuna kilichotokea. Ikampanda hasira aliyoifahamu fika, ya miaka yote ile ya kusimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Mwaka mzima alikuwa amekulilia. Sasa alikukasirikia.

Akasimama.

"Nani amekuruhusu?" Shangazi akafoka.

Hakumjibu. Hakupiga goti, hakupiga makofi, wala hakukuita Mhofu.

"Baba Maidei!" akaita kwa sauti yake ya jikoni. "Umeitwa mara mbili, umesikia, umenyamaza! Unaniachia aibu hii mbele ya dada yako? Njoo ndani! Uji unapoa!"

Dume akaacha kucheua. Ngozi ya bega ikaanza kucheza, kisha ya mgongo, halafu akajitikisa mwili mzima kuanzia pembe hadi mkia. Pombe ikaruka huku na huku, na nyingi ikamwingia Shangazi Chihera usoni.

"Nzi," Shangazi akasema, anajipangusa kwa kanga. "Ni nzi tu huyo."

"Nzi gani na baridi hii ya Agosti?" Mzee Mukanya akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Ni yeye! Ni yeye, kiziwi wa kujitakia!"

Vigelegele vikapasuka. Mama akaketi palepale mavumbini, akalia kama hakuwahi kulia mwaka mzima. Na tuseme kweli, aliyetangulia kumkumbatia ni Shangazi. "Nisamehe, MaMoyo," alikuwa akisema. "Nisamehe. Na mimi alinitesa hivihivi tangu utotoni." Mchana ule ule zile nguo nyeusi zikavuliwa, na Mama akavaa gauni la kijani ulilomnunulia kule mjini Murambinda, lile uliloshika mara mbili sokoni ukasema halikupendezi, kisha ukarudi peke yako kulichukua.

Dume huyo sasa ana jina lako na yuko hapa nyumbani. Jioni Mama husimama kwenye mlango wa zizi, anamwita. Mara ya kwanza haendi mtu. Mara ya pili ni sikio tu linalogeuka. Hapo Mama hutulia kidogo, anatabasamu, hana haraka yoyote. Halafu anaita tena.

Tunaokukumbuka: mkeo MaMoyo, wanao Maidei na Pedzisai, wakwe zako, kaka yako Zvidzai, dada yako Chihera, aliyeomba jina lake lisiachwe, mtani wako Mukanya, na wajukuu wako Tanatswa, Anesu na Kudzaishe, ambao bado wanagombania ile nira ndogo uliyowachongea.

Tutakuita siku zote, Baba. Na tutarudia.