Onyo Lililokuwa Ndani ya Picha

Kaka yangu,

Mkono unaendeleaje? Shemeji anasema kidonda kimeanza kukauka. Huku hatujambo. Mama amekataa shuka zake zinyooshwe na mtu mwingine, anakusubiri wewe.

Nasikia unawaambia watu uliruka hatua ya nne ya maelekezo, ndiyo maana mashine mpya ya pasi ikakuunguza. Eti masikio yako yamezeeka kabla ya magoti.

Jana ofisini nilizima skrini, nikaiacha kompyuta inisomee ukurasa ule wa mtandaoni wenye maelekezo ya mashine kama inavyokusomea wewe usiyeona. Ilisoma hatua ya tatu, ikasema "picha", ikaenda ya tano. Hatua ya nne, toa mvuke kabla ya kufungua, ilikuwa ndani ya picha, kwa herufi nyekundu za kupendeza. Sikuiandika mahali pengine popote.

Ndiyo, kaka, ukurasa ule ni kazi yangu. Nimeshaurekebisha kimyakimya, na ukiendelea kujilaumu hakuna atakayejua. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Hukuruka kitu. Barua hii haina picha. Kompyuta itakusomea yote.

Mdogo wako, aliyekuunguza