Koki ya Rejeta ya Nne

Guangzhou, Januari

Mdogo wangu Dorothea,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje, na ng'ombe ameshazaa? Mimi sijambo, kwa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha. Daktari hanifichi tena. Mimi ndiye niliyewaficha ninyi. Kuna jambo nimelificha tangu Desemba, na nitalisema nikishamaliza kukugombeza.

Nilikuomba unirudishe Machame nikafie karibu na kaburi la mke wangu. Ulinijibu huku ukicheka kwamba nimesoma mpaka nikafundisha chuo kikuu, lakini bado sijui hospitali nzuri iko wapi. Nikae kwa mwanangu. Na Benjamin, uliyemlea wewe shangazi yake, hasogezi mguu bila neno lako. Basi nikaanza kulalamikia baridi. Jiji hili halina joto ambalo serikali husambaza majumbani kama miji ya kaskazini, na baridi yake ya unyevu huingia mpaka kwenye mito ya kitandani. Benjamin alikuwa na boila ya gesi na rejeta tatu za ukutani, vyuma vinavyopitisha maji ya moto kupasha chumba. Chumba changu, kilichokuwa stoo ya mikoba ambayo mkewe Mumbua huinunua kwenye soko la ngozi la Shiling, hakikuwa nayo.

Akaniongezea ya nne. Fundi Liang alimwaga maji yote, akakata mabomba ya sebuleni, akaunganisha la kwenda na la kurudi, akajaza upya na kutoa hewa mpaka mabomba yakanyamaza. Mumbua alisema mbele yangu kwamba boila ndogo sasa inalisha midomo minne, na mmoja haushibi. Nikamjibu kwamba kwetu mzee hapimiwi moto. Simpendi, naye hanipendi.

Wiki ile ile rejeta yangu ikawa baridi kama jiwe. Fundi akaja, akaikuta ya moto. Akaitwa tena, ya moto. Akamuuliza Mumbua kama huwa anamwita aje kunywa chai. Benjamin akamtazama mkewe, maana ndiye anayelalamikia gesi. Nawe, badala ya kuniita nyumbani, ukaandika kwenye kundi la ukoo kwamba yule Mkamba anamgandisha kaka yako. Ulifurahi, Dorothea. Ulikuwa unamvizia tangu harusi.

Sasa Benjamin amemwambia arudi Machakos Jumamosi, watoto abaki nao yeye. Mumbua amefunga sanduku. Jana aliponiletea uji aliniambia kwamba, laiti ningemwambia yeye kuwa nataka kwenda kwetu, angeninunulia tiketi siku hiyo hiyo, tena kwa furaha. Aliutazama mkongojo wangu, akatoka.

Barua hii nampa Benjamin aipige picha akutumie, kwa hiyo ataisoma kwanza. Wewe isome kwa sauti mbele ya ukoo, kama ulivyowatangazia lile lingine. Nisalimie Sia na Loyce, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze, akupunguzie ulimi.

Mnasema siwezi kuinama, na kweli siwezi. Lakini mpini wa mkongojo wangu umepinda, na unaufikia mkono wa koki ya rejeta, kule chini karibu na sakafu, bila mimi kutoka kitandani. Fundi akipiga simu kutoka getini, nafungua. Akiondoka, nafunga.

Aliyenigandisha ni mimi.

Kaka yako,
Alphonce