Lenzi ya Nkambo na Mwezi wa Idi

Kamina, Haut-Lomami
14 Novemba 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Ismaili,

Assalaam alaikum. Je, mgongo wako unaistahimili baridi ya Anvers, huko Ulaya? Mama Mkubwa na watoto hawajambo? Sisi tuko wazima, alhamdulillah. Mvua zimeanza, mahindi ya Baba yameota, na mimi nimepewa ufunguo wa kabati la vitabu shuleni.

Unajua kwamba kwenye simu sauti yangu hupotea. Ndiyo maana naandika, na kaka Swedi ataipiga picha barua hii akutumie. Lenzi ya jicho uliyomchagulia mama yako, Nkambo Saumu, haitawekwa.

Siku ile ulipopiga, simu ikiwa katikati ya mkeka, sote tulikusikia: «Mama yangu avae miwani kama karani? Awekewe ile inayoona mbali na karibu!» Baba alikubali, shangazi Bibiche akakubali. Nkambo alikuwa papo hapo akichambua maharagwe. Hakuna aliyemwuliza.

Daktari wa macho alipokuja kutoka Lubumbashi, mimi na Baba tulimsindikiza Nkambo kupimwa. Nilimwuliza daktari maswali yangu huku nikitazama viatu vyake. Akanieleza kwamba mtoto wa jicho akishatolewa, lenzi ndogo huwekwa ndani ya jicho na kubaki humo daima. Ile uliyoitaka huugawa mwanga, sehemu kwa mbali, sehemu kwa karibu. Wengi huifurahia kwa sababu husahau miwani. Lakini wengine huona pete kuzunguka taa usiku, na kwenye giza la jioni vitu vilivyofifia huzidi kufifia. Ile ya kawaida huona vizuri umbali mmoja tu, mara nyingi ule wa mbali. Ya karibu yatasomwa kwa miwani.

Vitu vilivyofifia, jioni. Baba Mkubwa, mwezi mwandamo ni nini kama si hicho?

Tangu ungali huku, wanawake wa mtaa wetu hawafungi wala hawafungui mpaka Nkambo aseme ameuona. Labda hukuambiwa yaliyotokea Idi iliyopita. Alisimama uani, akaona weupe juu ya mnara wa simu, akapiga vigelegele. Wanawake wakaanza kukaanga maandazi na kusuka watoto nywele. Kumbe ulikuwa ukingo wa wingu. Kesho yake tulifunga, maandazi yakitutazama.

Tangu hapo shangazi Bibiche humtania: «Nkambo, leo miezi iko mingapi?» Watu hucheka. Nkambo naye hucheka, ila jioni hatoki tena uani.

Basi daktari alipouliza aandike lenzi ipi, Baba alitaja yako. Nikasema hapana. Neno lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka muuguzi akageuka.

«Weye mutoto, nyamaza!» Baba akasema.

Nkambo akaushika mkono wangu. «Iyi jicho iko ya nani? Ya Ismaili ao ya miye?»

«Ni ya kwako, mama,» daktari akajibu.

«Basi weka ile ya mbali. Kitabu nitasoma na malineti. Mwezi nitaangalia na jicho.»

Daktari akaandika hivyo: lenzi ya mbali, na miwani ya kusomea. Upasuaji ni Jumatatu. Hakuahidi muujiza, nami sikuahidi. Watu watasema Ismaili wa Ulaya amemwekea mama yake kitu cha kawaida. Waseme. Heshima yako haikai ndani ya jicho la mama yako. Nakupenda na nakuheshimu, lakini sitaomba radhi kwa lile hapana. Ningelisema tena, hata mbele yako.

Ukitaka kutuma kitu, tuma miwani ya kusomea. Nkambo anataka fremu nyekundu, isiyofanana kabisa na ya karani.

Baba anakusalimu, ingawa mimi bado ananisemesha kwa mkato. Shangazi Bibiche na Swedi wanakusalimu pia. Msalimie Mama Mkubwa, uwabusu watoto. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ramadhani ikikaribia kwisha, jioni ya kuutazamia mwezi, usimpigie Baba wala mimi. Mpigie Nkambo umwulize kama umeonekana. Atakuwa uani.

Mwanao akupendaye, hata anapokukatalia,
Riziki