Mbwa Hulala Mlangoni Pangu

Dada Ornella mpenzi,

Hapa Lucca milimau ya uani imetoa maua, na mama amenunua bakuli jipya la mbwa. Wageni wenye mbwa hawakatiki.

Bado mama anawaambia kuwa nyumba nzima waliyokodi ni yao peke yao. Kwa hiyo wakiwapo najifungia chumbani kwangu, hata kukohoa nisikohoe, maana mlango wangu unatokea sebuleni kwao. Mimi hutoka wanapompeleka mbwa kutembea juu ya ule ukuta mpana wa mji.

Wageni hawajui kuwa nipo. Mbwa wote hujua. Hunusa chini ya mlango, kisha hulala papo hapo.

Jana mbwa wa Mjerumani alilia sana.

"Bi mkubwa, humo ndani kuna nini?"

"Mashuka tu, bwana," mama akacheka. "Labda na panya wa marehemu bibi!"

"Huyu halilii panya. Analilia mtu."

Nami, dada, nilikuwa humo, nimekaa kitandani chini ya shahada yangu iliyotundikwa ukutani.

Nilikwisha kumweleza mama habari ya kazi uliyonitafutia huko kwako Trieste, kwenye maktaba. Akanibusu, akasema, "Nenda, mwanangu, wageni wakiisha."

Hawaishi.

Treni yangu ni leo mchana. Mvua inanyesha, kwa hiyo wageni hawatoki, na mbwa yuko mlangoni, namsikia akipumua. Sanduku limefungwa.

Barua hii siibandiki stempu. Ukiisoma, ujue nimekukabidhi mwenyewe, na kwamba nilimruka mbwa mbele ya watu wote.

Mdogo wako,
Ginevra