Babu Yako Aliporudi kutoka Ujiji

Marahaba, mjukuu wangu Salima.

Hapa Dunda sisi tu wazima. Matanga tumeyaondoa salama, na baba yako ameanza tena kwenda shamba.

Umeniuliza kama babu aliulizia habari zako kabla hajafa. Sitakuficha. Majina yote yalikuwa yamempotea, hata langu.

Lakini nikwambie alivyokuwa. Kabla Wajerumani hawajaja kupigana hapa Bagamoyo, alikuwa askari wa misafara ya bara, na njia ya Ujiji aliipenda kuliko kitanda chake. Safari moja alirudi na kovu la mshale shingoni. Baba yako, aliyeachwa angali mchanga, alimwona akakimbilia nyuma yangu akilia. Nikataka kumvuta mbele. Babu akasema, "Mwache. Mgeni ni mimi."

Akawa anashinda uani akimenya mihogo pamoja nami, wenzake wakimcheka. Hakumwita mtoto wala hakumshika, mpaka mtoto mwenyewe akaja kumkalia mapajani. Hapo nikamwona babu yako akifuta machozi.

Basi naye alipotusahau, hatukumlazimisha. Tulikaa naye tu. Siku ya mwisho aliniuliza, "Mama, kwako ni wapi?"

"Ni hapa hapa."

"Una bahati," akasema. "Mimi bado niko njiani."

Nikamshika mkono, nikamwambia nitamsindikiza.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahawa